Mnara wa Buluu na Maji ya Mama Pauline

Ninyi mnaopanda minara siku hizi, na simu zenu zinazopima kila kitu isipokuwa akili, nawaomba jambo moja kabla hamjafungua kopo la rangi: kaeni chini mnisikilize. Sitawachelewesha, maana hata mimi sijui kukaa. Nimezika nyaya Aru, Mahagi, Mambasa, na kwenye vilima ambavyo majina yake nimeyasahau ingawa matope yake bado yako kwenye viatu vyangu. Sasa mgongo umekataa ngazi. Nina miaka arobaini na kitu tu, lakini daktari ameniita mstaafu mbele ya mke wangu, naye amelipenda neno hilo kuliko mimi. Nakaa Ngezi, hapa Bunia. Mvua ikianza kunguruma, mikono yangu inatafuta koleo yenyewe.

Watu hudhani fundi wa redio ni yule anayepanda juu. Wakimwona huko wanapiga makofi. Kazi yangu kubwa ilikuwa chini, ndani ya shimo, na sijawahi kuona mtu akilipigia shimo makofi. Mnara ukisimama kilimani, radi itakuja, hilo halina mjadala. Swali ni ikifika itapita wapi: kwenye waya mnene unaoipeleka ardhini, au kwenye kebo ya antena, mpaka ndani ya mtambo, mpaka kwenye kiti cha mtangazaji anayesoma salamu za harusi.

Aliyenifundisha ni Muzee Katembo, mtu wa Butembo aliyehamia Bunia na sanduku moja la vifaa. Mimi nilikuwa nimetoka sekondari na diploma yangu ndani ya plastiki, nikijua kila kitu. Siku ya kwanza aliniachia nifunge waya wa kushusha radi kutoka mguu wa mnara hadi kwenye nondo ya shaba ardhini. Waya ulizidi kama mita tatu. Nikauzungusha vizuri, duara juu ya duara, nikaufunga kwa kamba. Ulipendeza kama kikapu. Muzee akaja, akainama, akaangalia kwa muda mrefu.

"Deo, hii ni nini?"

"Ni waya yenye ilibaki, Muzee. Nimeipanga muzuri."

"Naona. Umeitandikia radi kitanda. Kesho utaileteya na blanketi?"

"Apana, Muzee."

"Basi kata."

Nikakata. Radi ina haraka kuliko sisi sote, na kila kona kali au duara unayoiwekea njiani ni sababu ya kuruka na kutafuta njia nyingine. Waya uende chini moja kwa moja, na pale ambapo lazima upinde, upinde taratibu, kama pikipiki iliyobeba mayai. Na vyote viunganishwe pamoja: mnara, kabati la mtambo, jenereta, uzio wa chuma, na ganda la nje la kebo ya antena kabla haijaingia ndani. Ukiacha kimoja nje ya undugu, hicho ndicho kitakachokuunguzia nyumba.

Mtaniuliza kwa nini vituo vingi vya huku vina ukanda wa chuma cha mabati ardhini badala ya shaba iliyoandikwa kwenye vitabu. Nitawajibu kwa kisa kifupi. Kwenye kituo kimoja, mbali na Bunia, nilizika shaba nzuri sana. Wiki mbili baadaye nikarudi kukagua, nikapokelewa na mama mmoja mwenye vikuku vipya vinavyong'aa mpaka kiwiko. Nikamsifu. Nikamwambia vinampendeza kweli. Akacheka, akanipa chai. Nilipofika kwenye shimo ndipo nikaelewa nilikuwa nasifu kazi yangu mwenyewe. Tangu hapo nikapenda chuma cha mabati, ambacho hakimpendezi mtu yeyote.

Lakini shaba au chuma, ardhi ikikauka ni bure. Wakati wa kiangazi udongo wetu mwekundu unakuwa kama tofali lililochomwa, na nondo inasimama ndani yake kama jino kwenye fizi iliyokufa. Vitabu vinasema weka makaa na chumvi, na Muzee aliweka. Juu ya hapo alikuwa na desturi yake, ambayo sijaiona kwenye kitabu chochote. Kila kituo alikitafutia mama wa maji. Alikuwa anazunguka nyumba za karibu, anachagua mama mmoja mwenye kauli na mwenye kufua kila siku, anakaa kwenye kiti chake, anakula alichopewa, halafu anaomba: "Mama, maji yenye umefulia, usimwange kule. Umwange hapa kwa hii shimo." Ili kumshukuru, kila alipopita alimbebea bidoni la maji safi kutoka bombani, kwa mkono wake mwenyewe, na mtaa mzima ukimwona.

"Shaba watu wanaiba," alikuwa akisema. "Mama wa maji, nani atamwiba?"

Hapo Muzee alikosea. Na kosa lililomponza mama wangu wa maji lilikuwa langu.

Muzee alipozeeka akarudi Butembo, nikapewa vituo vyake. Kimoja kilikuwa redio ndogo ya wakulima, juu ya kilima pembeni mwa mji. Chini ya mnara, hatua thelathini hivi, palikuwa na nyumba ya Mama Pauline, mjane aliyetoka upande wa Mahagi. Alikuwa anauza samaki wakavu wa ziwa sokoni Nyakasanza, na nyumba ile ilijengwa na marehemu mume wake, tofali kwa tofali, kabla ugonjwa haujamchukua. Nilikaa kwenye kiti chake, nikala samaki wake, nikaomba maji ya kufulia, nikaahidi bidoni. Alikubali. Kila asubuhi alipanda na beseni kichwani, akamwaga polepole kwenye shimo langu, huku midomo yake ikicheza. Waliopita barabarani walimwona. Mimi nilikuwa na vituo vingi na miguu isiyotulia. Bidoni lile sikulileta hata mara moja.

Sasa tufike kwenye rangi.

Mkurugenzi wa redio aliitwa Anselme. Alikuwa mtu mwema, ila akisikia neno "wageni" damu yake ilibadilika. Siku moja akatangaza kwamba wageni wanatoka Kinshasa kuona kituo, na kwamba kila kitu kipakwe buluu. Tulipaka uzio, mawe ya njiani, mlango wa choo na baiskeli ya mlinzi, ambaye aliomba apewe muda ashuke kwanza. Kisha Mkurugenzi akasimama mbele ya mnara wangu na kidole mbele.

"Deo, hizi vyuma ya huku chini iko na kutu. Inatuletea haya. Kinshasa watasema nini?"

"Hizi ndizo zinakamata waya ya radi, Papa Anselme. Zinatakiwa chuma iguse chuma."

"Itagusa tu. Iguse ikiwa na buluu. Weye ni fundi mukubwa, na wageni wakienda, ninaandika barua ukuwe fundi mukuu wa vituo yote ya Ituri. Sasa unataka nianze na kutu?"

Angalieni jinsi mtu anavyonunuliwa kwa cheo ambacho bado hakijapigwa hata mhuri. Ningepaka juu juu tu nikaacha viungo vimekaza, hakuna ambacho kingeharibika. Lakini mimi nikafungua vibano vyote, vya mguu wa mnara na vya ubao wa kuunganishia pale kebo inapoingia, nikavipaka nje na ndani, mara mbili, vikauke vizuri, nikavirudisha na kukaza kwa nguvu. Rangi ndani ya kiungo ni sawa na kumfungia mgeni mlango halafu ukaandika juu yake "karibu." Nilijua. Muzee alinipiga makonzi kwa kosa dogo kuliko hilo. Lakini Mkurugenzi alikuwa amesimama pembeni akisema, "Ona kazi! Ona kazi!" na masikio yangu yalikuwa yamejaa.

Wageni walikuja. Walikaa muda wa kumaliza soda moja. Hawakuutazama mnara. Walichotazama ni kuku. Walipogeuza magari yao wakapita juu ya mkeka wa Mama Pauline, samaki wa wiki nzima wakasagwa. Alitoka na kitambaa kichwani.

"Papa Anselme, hizi samaki ilikuwa ya soko!"

"Mama, hii ni wageni ya serikali. Ungepaswa kufurahi."

"Nifurahie nini? Matairi? Sawa. Mungu iko naona. Na weye utaona."

Siku nne baadaye, saa tisa mchana, radi ilipiga mnara. Nilikuwa mjini nikinywa chai, nikaisikia, nikajua ni upande gani. Mtambo uliungua wote. Mtangazaji alirushwa kutoka kwenye kiti akiwa katikati ya bei za muhogo. Hakuumia, ila kiatu kimoja hakikuonekana tena, na kwa siku mbili alisema kila kitu kwa sauti ya juu kama mtu anayepiga simu ng'ambo ya mto.

Nilipofika nikapiga magoti moja kwa moja kwenye kibano. Nikakifungua. Ndani yake buluu ilikuwa safi kama siku niliyoipaka. Pembeni tu, pale ambapo radi ilikuwa imerukia ganda la kebo, palikuwa peusi. Nilielewa palepale, na nikakifunga tena, nikafuta mikono, nikanyamaza.

Wakati nikinyamaza, wenzangu walikuwa wanazungumza. Huku kwetu radi haiji, hutumwa. Ikishapiga, swali la kwanza si waya upi, ni jirani yupi. Na jirani alikuwa yupo, amejaa ushahidi: aligombana na Mkurugenzi, alisema "utaona," na kila asubuhi alionekana akimwaga maji chini ya mnara huku akisemasema.

"Batu ya ziwa wanajua hizo mambo," akasema mlinzi wa baiskeli ya buluu, ambaye mdomoni mwake palikuwa bado na mwiba wa samaki wa Mama Pauline.

Shefu wa avenue, yaani mkubwa wa mtaa ule, alikuja jioni ile na daftari. Akatangaza mkutano siku ya Ijumaa, na kwamba ikithibitishwa ni yeye aliyetuma radi, mama ahame kabla ya Jumapili, na nyumba ibomolewe asipate pa kurudia. Vijana wawili walianza kunoa mapanga bila mtu kuwaomba.

Mtadhani nilisimama hapohapo. Sikusimama. Nilijiambia ni maneno tu, yatapoa. Nilijiambia shefu ni Mkristo. Nilijiambia hata nikisema hawatanielewa, mambo ya waya ni magumu. Barua ya cheo ilikuwa bado kwenye meza ya Mkurugenzi, haijaandikwa. Nilikaa siku mbili nikijiambia.

Alhamisi nilipita pale, nikijifanya nakagua. Mama Pauline alikuwa juu ya ngazi anang'oa mabati ya paa lake. Aliponiona akashuka ngazi mbili.

"Fundi, muchana yako? Unipatie pensi yako. Hizi misumari iko na nguvu. Bwana yangu alipiga, hakupenda kitu inacheza."

"Unang'oa juu ya nini, Mama?"

"Kesho wakipiga muhuri, watabomoa. Nikiwaachia wao, mabati itapasuka. Afazali nitoe mwenyewe, nitajua pa kwenda nayo."

Nikampa koleo langu. Hilo ndilo nililofanya, wanangu, msinitafutie jingine. Nilitia mkono mfukoni, nikampa, nikasimama nikimwangalia aking'oa misumari ya mume wake kwa koleo lile lile nililokazia rangi. Alipomaliza bati la tatu akanirudishia, akasema, "Aksanti, fundi. Shimo yako leo sijaimwangia maji, utanisamee."

Nililala kama mtu aliyelalia nondo.

Ijumaa asubuhi uwanja wa redio ulijaa. Shefu wa avenue alikaa kwenye meza ya studio iliyotolewa nje, Mkurugenzi kando yake na tai. Mama Pauline alisimama katikati. Karatasi ya mkutano ilikuwa tayari imeandikwa, yenye jina lake, tangu jana yake. Ilibaki mhuri.

"Mama," shefu akaanza, "ni kweli uko namwanga maji kwa hii piloni ya redio?"

"Kweli."

"Kila asubui?"

"Isipokuwa siku ya Mungu."

"Na unasema maneno?"

"Ninasema."

"Kwa luga gani?"

"Kwa luga ya kwetu."

Watu wakafanya "Aaa!" kama waliofungua bahasha.

"Tuambie hizo maneno."

"Siwezi. Ni maneno mubaya, na batoto iko hapa."

Hapo hata waliokuwa wakimwonea huruma walirudi nyuma hatua. Shefu akachukua mhuri, akaupulizia pumzi. Na mimi nikajiona nimefika kwenye meza, sijui kwa miguu ya nani.

"Shefu, maji nilimuomba mimi. Ardhi ikikauka, waya ya radi haifanye kazi. Mama alikuwa anatusaidia siye wote."

"Inawezekana," akasema shefu. "Lakini radi ilipiga."

"Radi itapiga tu. Iliingia ndani juu ya kosa yangu. Nipe dakika tano."

Nilikuwa na kitu ambacho Muzee Katembo aliniachia: balbu ya tochi, betri, na nyaya mbili fupi. Nikaweka waya mmoja kwenye nondo ya ardhini, mwingine kwenye mguu wa mnara uliokwanguliwa. Kama njia ni nzima, balbu inawaka. Nikamwita shefu ashike balbu mwenyewe. Haikuwaka. Watu wakaangalia balbu, wakaniangalia mimi. Nikafungua kibano, nikamwonyesha buluu iliyoko ndani, nikaikwangua kwa kisu mpaka chuma kikang'aa, nikakaza tena.

Balbu ikawaka mkononi mwa shefu. Alishtuka kidogo, akaisogeza mbali na shati lake.

"Fungua tena," akasema. Nikafungua, nikatia kipande cha karatasi katikati badala ya rangi. Ikazima. Nikatoa. Ikawaka. Tulifanya hivyo mara nne, kwa sababu kila mmoja wa wazee alitaka kuishika.

"Na nani alipaka hii rangi?" shefu akauliza.

Mkurugenzi alikuwa ameanza kuyasoma mawingu. "Mimi nilisema wapake," akasema mwishowe. "Sikusema wapake ndani."

"Ni kweli," nikasema. "Ndani nilipaka mimi mwenyewe. Nilijua ni mubaya, nikapaka. Na juzi niliona, nikanyamaza."

Kisha mlinzi, ambaye hakutaka siku yake ipotee hivihivi, akauliza kutoka nyuma, "Sasa nani alimuroga fundi apake ndani?"

Wengine wakaanza kumgeukia tena Mama Pauline. Shefu akagonga meza. Alikuwa ameishika balbu kwa mkono wake, na mtu aliyeshika kitu kinachowaka hapendi kuambiwa hakikuwaka. Lakini karatasi ilikuwa imeshaandikwa, na karatasi nyingine haikuwepo. Akachukua kalamu, akakata jina la Mama Pauline, akaandika langu juu yake, na mengine yote akayaacha yalivyokuwa. Akapiga mhuri. Mpaka leo, kwenye daftari la avenue ile, kuna maandishi rasmi kwamba Fundi Deo ametuma radi kwenye redio ya wakulima na anatakiwa ahame kabla ya Jumapili. Mkurugenzi aliyatekeleza kwa upande wake: kufika mchana sikuwa tena fundi wa kituo chake. Ile barua ya cheo sijui kama iliwahi kuandikwa. Nadhani walikosa karatasi.

Jumamosi nikaenda kurudisha mabati. Nilipiga misumari kwenye matundu yaleyale ya marehemu, Mama Pauline akinipasia mmoja mmoja kutoka chini. Nilipofika bati la mwisho nikashindwa kujizuia.

"Mama, nisamehe. Lakini hizo maneno ulikuwa unasema kwa shimo, ni gani?"

"Unataka kujua?"

"Nataka."

"Nilikuwa nakutukana weye." Akanipa msumari. "Kila asubui. 'Deo, mutoto wa batu, ulikula samaki yangu, ulisema utaleta bidoni ya maji, bidoni iko wapi? Bomba iko mbali, mugongo inaniuma, weye uko natembeatembea tu kama mbuzi ilikata kamba.' Na ingine yenye siwezi kukuambia ukiwa juu ya ngazi."

"Sasa jana hukusema juu ya nini? Ungewaambia hivyo, wangekuachia."

Alinitazama kama Muzee alivyoutazama ule waya wa duara.

"Niseme mbele ya batu kama kila asubui nilikuwa nakulaani weye? Weye mwenye umepaka rangi? Mulinzi angepata jibu yake. Fundi, uko na masomo, lakini shimo peke yake ndiyo unajua."

Nikashuka. Pale chini ya ngazi alikuwa ameweka bidoni la manjano, tupu, na kifuniko chake kimefungwa kwa uzi.

"Bomba iko kule," akasema.

Nikaenda. Njia ile ni ndefu kweli, na inapanda. Nilirudi na bidoni begani, nikapita mbele ya nyumba ya shefu, mbele ya mlinzi na baiskeli yake, mbele ya wanawake waliosimamisha kusuka nywele. Nikalitua mlangoni kwake. Naye akaniletea beseni lililojaa maji ya kufulia, akanielekeza kwa kidevu. Nikapanda nalo mpaka kwenye shimo, nikaanza kumwaga polepole, kama alivyokuwa akifanya. Barabara nzima ilikuwa imesimama.

"Na mudomo," akasema kutoka mlangoni. "Usimwange tu kimya. Semasema, wakuone."

Nikasemasema. Nilimtukana Deo kwa jina lake lote, kwa Kiswahili, kwa sauti, ili avenue nzima isikie na shefu akitaka aandike.